Habari ya Mchezo, na Jinsi ya Kuwafundisha Wanafunzi Kuiandika

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya baada ya kuchapwa, twapenda kusema nanyi juu ya kazi moja ndogo ya darasani ambayo faida yake ni kubwa kuliko wengi wadhanivyo. Kazi hiyo ni kuwafundisha wanafunzi wa shule za sekondari kuandika habari ya mchezo: mpira wa miguu, mpira wa pete, mbio, au mchezo wo wote uchezwao mbele ya watu na kuwa na mshindi.

Habari ya mchezo ni ujumbe kwa mtu asiyekuwapo uwanjani. Mtu huyo ataka kujua mambo machache: nani walicheza na nani, wapi, lini, nani alishinda na kwa mabao mangapi, tena ushindi huo ulipatikanaje. Mwandishi ndiye macho yake. Macho hayo yakitazama upande mmoja tu, msomaji naye atakuwa mwenye chongo.

Lakini habari hiyo husomwa pia na watu wa namna ya pili, nao ndio wasomaji wakali: wale waliokuwapo. Ibandikwapo ubaoni shuleni, aliyefunga bao ataisoma, na aliyefungwa ataisoma. Nakala ikivuka mto hadi shule ya pili, walioshindwa wataisoma neno kwa neno. Basi kanuni tunayoishika tangu mwanzo hadi mwisho ni hii: habari iandikwe hivi kwamba mchezaji wa upande wa pili aisomapo aseme, "Haikunifurahisha, lakini ndivyo ilivyokuwa."

MAKOSA YA MWANZO

Mwanafunzi apewapo kazi hii mara ya kwanza, aghalabu huanza hivi: "Siku ya Jumamosi tuliamka mapema, tukaoga, tukapanda gari." Gari laenda, laharibika, latengenezwa, nyimbo zaimbwa, ukurasa wa kwanza waisha na mpira haujawekwa bado katikati ya uwanja. Wala huu si ujinga. Kijana huyo amefundishwa kuandika insha ya safari, na katika insha ya safari mambo hufuatana kama yalivyotukia. Bibi naye asimuliapo hadithi huuficha mwisho ili wajukuu wasilale. Habari ya mchezo haina ruhusa hiyo. Msomaji wake amesimama mbele ya ubao, kengele yakaribia kulia, naye ataka kujua mwisho kwanza.

Kosa la pili hutoka katika kuipenda shule. Wazee wasema, mwamba ngoma huvuta ngozi kwake. Timu yetu ikishinda, imeshinda kwa ustadi. Ikishindwa, imeshindwa kwa jua kali, kwa uwanja mbovu, au kwa mwamuzi. Kosa la kwanza ni la mpangilio, na husahihishwa kwa wiki mbili tatu. La pili ni la moyo, nalo hutaka muda mrefu zaidi.

KABLA YA FILIMBI

Twawafundisha vijana ya kuwa kazi ya mwandishi huanza kabla ya mchezo. Afike uwanjani nusu saa mbele. Awe na daftari lenye jalada gumu na kalamu mbili za risasi: kalamu ya risasi haichuruziki wino karatasi ikipata manyunyu, na ile ya pili ni kwa sababu ya kwanza hupenda kuvunjika wakati bao lifungwapo. Aende kwa manahodha wote wawili, aandike majina ya wachezaji pamoja na nambari za jezi zao, akiomba kila jina atajiwe herufi kwa herufi. Mtoto ambaye jina lake limeandikwa vibaya siku aliyofunga bao hatalikumbuka neno jingine lo lote katika habari hiyo.

Tena aulize mchezo utakuwa wa dakika ngapi. Sheria ya mpira wa miguu yataja dakika 90, yaani vipindi viwili vya dakika 45, lakini katika michezo ya vijana waandalizi waweza kupunguza. Aandike hali ya hewa, na upepo watoka upande gani. Maana timu hubadilishana pande baada ya mapumziko, na upepo uliokuwa rafiki wa timu moja huwa rafiki wa nyingine.

Kisha apige mistari daftarini apate safu nne: ya kwanza dakika, ya pili mchezaji, ya tatu jambo lililotokea, ya nne hesabu ya mabao baada ya jambo hilo. Safu ya nne wengi huiona kuwa ni kazi bure. Lakini jioni, kumbukumbu zikichanganyika, ndiyo iwaonyeshayo nani aliongoza na nani alisawazisha.

WAKATI WA MCHEZO

Mwandishi hawezi kuandika kila jambo, wala asijaribu. Aandike kila bao, kila kadi, kila mchezaji aliyetoka na aliyeingia, nafasi kubwa iliyopotea, na mahali ambapo mchezo uligeuka. Bao lifungwapo, asiandike mpigaji peke yake. Bao lina baba na babu: mpigaji ndiye baba, lakini nyuma yake yuko aliyempa mpira, na nyuma ya huyo yuko aliyeunyang'anya kutoka miguuni mwa adui. Beki aliyeanzisha mambo yote haonwi na watazamaji walio wengi. Mwandishi mwema humwona.

Nasi twamkataza kushangilia. Si kwamba twataka asiwe na moyo. Mikono ipigayo makofi haiandiki. Tena mpira uingiapo wavuni ndipo penye mambo ya kutazamwa. Pengine mshika kibendera amekwisha kuinua kibendera chake, kwa kuwa mshambuliaji alikuwa ameotea, na bao limekataliwa, huku mwandishi wetu angali akicheza ngoma.

Kuna zoezi moja tulipendalo kuliko yote. Twaweka wanafunzi wawili, mmoja karibu na goli la huku na mwenziwe karibu na goli la kule, wasisemezane hata mchezo uishe. Baadaye darasa zima hulinganisha madaftari. Mmoja ameandika bao dakika ya 20, mwingine dakika ya 22. Mmoja ameona beki akiushika mpira kwa mkono, mwingine ameona mpira umegonga kifua. Hapo vijana hutambua, pasipo kuhubiriwa, ya kuwa jicho huona kutoka mahali lilipo. Juu ya dakika, waende wakamwulize mwamuzi, ambaye ndiye mwenye saa. Juu ya mkono na kifua, wakikosa kupatana, waandike jambo ambalo wote wawili waliliona: kwamba mwamuzi alipiga filimbi akatoa penalti.

SENTENSI YA KWANZA

Jioni ileile, mambo yangali mabichi, mwandishi akae aandike. Hapa twatumia mfano wa kubuni, wala tusitafutane. Tuseme shule mbili, Mlimani na Bondeni, zimecheza mpira wa miguu. Mwanafunzi aanza: "Jumamosi iliyopita palikuwa na mchezo mkali wa kusisimua sana." Mwalimu auliza: Nani alishinda? Darasa kimya. Walicheza wapi? Kimya. Sentensi ina maneno tisa wala haina habari.

Sasa aandike hivi: "Shule ya Bondeni iliifunga Shule ya Mlimani mabao 2 kwa 1 Jumamosi katika uwanja wa Mlimani, bao la ushindi likifungwa kwa kichwa dakika ya 88." Kengele ikilia hapa, msomaji aenda zake akiwa amekwisha kupata habari. Baada ya sentensi hiyo hufuata jinsi mabao yalivyofungwa, kisha mambo madogo. Habari ya gari haina nafasi, isipokuwa kama gari ndilo lililochelewesha mchezo.

HESABU PEKEE HAITOSHI

Mtu aweza kuandika hesabu sahihi na asiseme habari. Katika mwezi wa Agosti 1979 timu ya taifa ya Tanzania ilikwenda Ndola kucheza na Zambia, na mchezo ukaisha kwa sare ya 1 kwa 1, bao la Tanzania likifungwa na Peter Tino. Aliyeandika sare tu alisema kweli, lakini msomaji hakuambiwa kwa nini watu wa Dar es Salaam walishangilia. Tanzania ilikuwa imekwisha kushinda nyumbani 1 kwa 0. Kwa hiyo sare ile ya ugenini ilikuwa sawa na ushindi: iliipeleka Tanzania kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Basi kila mwandishi ajiulize: hesabu hii imempa nani kitu gani, na imemnyima nani?

Tena aandike hesabu ya aliyeshindwa. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch huko New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alishinda mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Hiyo yatosha kuwa sentensi ya kwanza. Lakini sentensi ya pili ndiyo imwonyeshayo msomaji mbio zenyewe. Wakimbiaji wengi wa masafa hayo hujificha nyuma ya wenzao wakingoja mzunguko wa mwisho. Bayi alitangulia mapema akaongoza hadi utepeni. Aliyemfuata, John Walker wa New Zealand, alitumia dakika 3 na sekunde 32.5, naye pia akaipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani, ambayo ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1 tangu mwaka 1967. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, kwa dakika 3 na sekunde 33.2. Ukizifuta hesabu za Walker na Jipcho, ushindi wa Bayi haukui, bali wapungua, maana msomaji hajui tena alikimbizwa na watu wa namna gani.

Wala mwandishi asilifunge daftari mshindi afikapo. Tarehe 20 Oktoba 1968 katika jiji la Mexico, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda mbio ndefu za marathoni. Zaidi ya saa moja baadaye, giza limekwisha kuingia na watazamaji walio wengi wamekwenda zao, aliingia uwanjani John Stephen Akhwari wa Tanzania. Alikuwa ameanguka njiani akaumia. Mguu wake ulifungwa bendeji, naye alichechemea hata akamaliza, wa mwisho kati ya waliomaliza. Leo jina lake lakumbukwa na watu wengi wasioweza kumtaja aliyekuwa wa pili siku ile. Aliyeondoka mapema alikosa habari iliyodumu kuliko zote.

MPIRA WA PETE

Kila mchezo una hesabu zake. Katika mpira wa pete kila upande una wachezaji 7, na wawili tu kati yao ndio wenye ruhusa ya kufunga, tena wakiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya pete. Mabao ni mengi, na kuyaandika moja moja ni kuandika daftari la duka. Hapa twawafundisha vijana kuandika hesabu mwisho wa kila robo. Tuseme robo ya kwanza 8 kwa 8, ya pili 17 kwa 15, ya tatu 24 kwa 25, na mwisho 31 kwa 36. Mtu asiyekuwapo aona mara moja ya kuwa timu iliyoongoza wakati wa mapumziko iliregea katika nusu ya pili. Kazi ya mwandishi ni kueleza kwa nini: wasichana walichoka, au mlinzi mpya aliingia? Na ahesabu pia mfungaji alirusha mara ngapi na kupata mara ngapi. Nasi twaagiza ya kwamba mchezo wa wasichana upewe mistari mingi sawasawa na ule wa wavulana.

LUGHA

Twayaondoa maneno ya namna tatu. Kwanza, maneno ya sifa yasiyo na kitu ndani: mkali, wa kusisimua, wa aina yake. Badala yake aandike kitendo. Mchezaji aweza kuukokota mpira, kuupenyeza, kuudokoa, kuupachika. Kila tendo lina sura yake, na Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi. Pili, maneno ya machinjoni: waliwachinja, waliwazika. Jumamosi ni maneno ya furaha. Jumatatu vijana wa shule zote mbili hukutana kisimani na sokoni, na neno lililobandikwa ubaoni lingali lasomeka. Tatu, neno "sisi". Sisi walimu twasema nanyi hapa kwa "sisi", maana twatoa mawaidha ya kazi yetu. Lakini uwanjani mwandishi hana timu. Aandike "Mlimani" hata kama yeye mwenyewe analala katika bweni la Mlimani.

MAHALI PAGUMU

Sasa twafika penye mtihani wenyewe. Katika mchezo wetu wa kubuni, bao la dakika ya 88 lilikuja kwa sababu mpira wa kona ulimponyoka mlinda mlango wa Mlimani. Yeye ni kijana wa miaka 16. Mama yake huuza mboga karibu na lango la shule, na wateja wake wajua kusoma. Mwandishi aandikeje?

Mmoja ataandika, "Mlinda mlango aliuuza mchezo." Hayo ni mashtaka ya hongo, nani aliyeziona fedha? Mwingine, kwa huruma, ataandika, "Bondeni walipata bao la bahati." Huyu naye amekosa, maana amemnyang'anya mshambuliaji wa Bondeni kichwa chake kizuri. Huruma kwa mmoja imekuwa wizi kwa mwenziwe. Twawafundisha vijana njia ya tatu, nayo ni kusema jambo zima. Tazameni:

"Shule ya Bondeni iliifunga Shule ya Mlimani mabao 2 kwa 1 Jumamosi katika uwanja wa Mlimani, bao la ushindi likifungwa kwa kichwa dakika ya 88. Mlimani, waliokuwa na upepo mgongoni, walitangulia dakika ya 20 kwa penalti. Bondeni walisawazisha dakika ya 61, beki wao wa kushoto alipounyang'anya mpira katikati ya uwanja na kumpenyezea mshambuliaji wa pembeni, ambaye aliupachika chini kwenye pembe ya goli. Dakika mbili kabla ya mwisho, mpira wa kona kutoka kulia ulimponyoka mlinda mlango wa Mlimani, na mshambuliaji wa kati wa Bondeni akauelekeza wavuni. Mlinda mlango huyo alikuwa ameokoa mipira mitatu ya hatari katika kipindi cha kwanza. Nahodha wa Bondeni alisema penalti haikuwa ya haki. Nahodha wa Mlimani alisema mpira uliguswa kwa mkono."

Hapa pana nafasi zilizobaki tupu: katika habari ya kweli, kila mchezaji angetajwa kwa jina lake. Kosa la mlinda mlango halikufichwa, lakini mikono yake iliyookoa mara tatu nayo imeandikwa. Mtu ahukumiwe kwa mchezo wake wote, si kwa dakika moja. Walakini tahadhari: kama hakuokoa mipira mitatu, isibuniwe. Huruma isiyo na ukweli haitamfaa, maana waliokuwapo watacheka, na yeye atakuwa wa kwanza kujua ya kuwa amesingiziwa sifa.

Tena angalieni habari ya mwamuzi. Mwandishi hakusema alikosea, wala hakusema alipatia. Alisema kilichotolewa, kisha akaandika neno la kila nahodha kuwa ni neno la nahodha. Kuna niliyoyaona, kuna niliyoambiwa, na kuna niliyoyadhani. La kwanza liandikwe. La pili liandikwe pamoja na jina la msemaji. La tatu libaki kichwani.

Kabla ya habari kubandikwa, twaitaka isomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja wa upande wa pili, au, ikiwa yuko mbali, mbele ya mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuutetea upande huo. Akisema, "Hapa si hivyo," madaftari yafunguliwe. Na kosa likionekana baada ya kubandikwa, masahihisho yawekwe pale pale lilipokuwa kosa, kwa herufi za ukubwa ule ule.

FAIDA YAKE

Mtu aweza kuuliza: Je, vijana wote hawa watakuwa waandishi wa magazeti? La, wengi hawatakuwa. Lakini wengi wataitwa siku moja barazani kueleza mpaka wa shamba, au kueleza ajali waliyoiona njiani, au kuandika muhtasari wa mkutano wa chama cha ushirika ambamo ndugu yao ni mgombea. Siku hiyo watahitaji mambo yaleyale: kutaja mahali na wakati, kutenga waliyoyaona na waliyoyasikia, na kumpa haki yake mtu wasiyempenda. Ni afadhali kijana ajifunze hayo kwa mpira, ambao hasara yake ni bao moja, kuliko kujifunza kwa shamba la mjane.

Basi wewe mwanafunzi usomaye, Jumamosi ijayo chukua daftari lako, upige safu nne, ukae mahali uonapo pande zote mbili. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na asiyekubali kuandika kwamba timu yake imeshindwa, bado hajawa mwandishi. Nawe mzazi, mtoto arudipo jioni na kukuambia jinsi shule yake ilivyocheza, msikilize hata amalize, kisha umwulize: "Na wale wengine, walichezaje?"